Akina Mama wa Maombi Wamekataa Viti Vyangu

Marafiki, leo wageni wangu wamekataa kuketi kwa sababu viti vyangu ni wanaume.

Ngojeni niwaeleze.

Binti yangu Wambui ana mtihani wa Kijerumani kesho. Akipita, ataenda kusomea uuguzi huko Ujerumani. Kijerumani hugawa vitu kwa jinsia, kwa hivyo amebandika karatasi za rangi kwa kila kitu hapa nyumbani, mtaa wa Bahati. Bluu ni kitu cha kiume, ameandika der. Nyekundu ni cha kike, die. Kijani si huyu wala yule, das.

Akina mama wa maombi wakaja kumwombea. Mama Kamau akauliza bluu kwa kiti ni ya nini, nikamwambia.

"Ati kiti ni mwanaume?" akaruka. "Mimi ni mke wa mtu, huyo simkalii!"

Wote wakakimbilia benchi, maana benchi ni die. Watu sita kwa benchi ya watatu! Wambui alicheka mpaka akasahau kuogopa mtihani.

Kisha tukamwekea mikono, tukamwomba Mungu amfungulie mlango.

Sasa wameenda. Jua la jioni limeingia dirishani na mimi nimeketi kwa kitanda chake. Kina karatasi ya kijani. Das.

Nimeomba apite, na nimeomba kwa moyo wangu wote. Lakini nikiigusa hii karatasi, nakumbuka kitanda hakisafiri.

Nyinyi mlio na watoto mbali, vitanda vyao mlifanyia nini? Niambieni polepole.