Mpima Ardhi Akiwa na Njaa

Ukimpigia mpima ardhi simu kumuuliza yuko wapi, hasemi yuko njiani; anakusomea namba za jipiesi, kile kifaa chake cha kuonyesha mahali alipo, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Mkewe alishazoea. Amebandika ramani ya miraba ukutani jikoni, na kidole chake kinajua utaratibu: namba ya mashariki kwanza, ya kaskazini baadaye. Jioni hii kidole kikatua katikati ya ziwa.

“Baba watoto, umezama?”

Akacheka kicheko chake kile cha puani. “Nimeanza na kaskazini.”

Mkewe akatabasamu. Mtu huyu hakosei namba ila akishinda bila kula. Akazigeuza, kidole kikamkuta darajani, karibu tu na nyumbani.

“Haya, toka majini uje ule,” akasema, na kubandika sufuria.