Siku Mbunge Wetu Alipotutetea Redioni

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa na tarumbeta. Ni siku mbunge wetu alipotutetea redioni. Nilikuwa binti mbichi, naamini kila kinachosemwa kwa sauti kubwa. Mama yangu, aliyetoka Masasi na mimi mgongoni, alikuwa na meza Kariakoo, Mtaa wa Kongo, anauza mbuzi za kukunia nazi, miiko, makawa na vibao vya chapati. Meza ile ndiyo iliyonisomesha, na ndiyo iliyolipa kodi ya chumba chetu Buguruni. Hatukuwa na kingine.

Basi ukaja mpango wa kuondoa meza zote za kando ya barabara. Waziri aliutia ndani ya bajeti ya wizara yake, akaupeleka bungeni. Huku nyuma tukatangaziwa kwamba anayetaka nafasi katika soko jipya akaandikishe jina lake, na asiyejiandikisha atajua mwenyewe pa kwenda. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikaangukia siku ile ile ambayo mbunge wetu alipangiwa kuchangia mjadala huo bungeni.

Mama alikuwa ameshajifunga mtandio, mkoba begani, anataka kuondoka. Nikamshika mkono.

"Subiri kwanza, Mama. Tumsikie mbunge."

Redio ilikuwa ya Mangi. Ndivyo tulivyomwita Mzee Temba, Mchaga mwenye duka la jumla la sabuni nyuma ya meza yetu, mtu mkali kidogo, lakini hajawahi kumnyima mtu kivuli cha baraza yake. Siku hiyo aliiweka redio mlangoni, akafungulia sauti yote, na mtaa mzima ukajisogeza.

Jamani, yule bwana alisema! Alianza taratibu, akatoa shukrani na pole na pongezi kama ilivyo kawaida yao, kisha akapanda. "Mheshimiwa Spika, mama wa Kariakoo anayeuza mbuzi ya nazi ndiye anayelisomesha taifa hili! Mnamtoa pale mnampeleka wapi? Nani atamfuata huko?" Siku chache kabla alikuwa amepita mtaani kwetu kusalimia, akainua mbuzi mezani kwa Mama na kuisifu. Alikuwa anamtaja Mama! Mama akajishika kifua, machozi yakamtoka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Mangi akawafokea wanyamaze watu wasikie.

Mimi sikuweza kukaa. Nikaunyakua mkoba wa Mama begani.

"Huendi popote. Haondoki mtu hapa!"

Kisha nikatoka mbio, meza hadi meza, nikiwatangazia waliokuwa mbali na redio: mbunge katutetea, tulieni na biashara zenu! Wapo waliokuwa wameshafunika bidhaa zao waende kujiandikisha. Wakafunua tena, kwa maneno yangu mimi. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, lakini siku ile mimi kenda sikuiona kabisa.

Niliporudi nilikuta vigelegele vimekatika, wanawake wamejishika mashavu. Nilidhani mtu amefariki.

"Kamalizaje?" nikauliza.

Mangi alikuwa bado ameishika redio. "Kengele imelia, muda wake umekwisha. Kaunga mkono hoja."

"Katuunga mkono sisi?"

"Hoja, Zuhura. Hoja ya waziri. Hiyo hiyo yenye kuwaondoa. Kasema anaiunga mkono asilimia mia moja, akakaa."

Mwanangu, sikukubali. Nilimwambia Mangi redio yake mbovu. Nikamwambia na masikio yake yamezeeka, Mungu anisamehe. Nilikuwa sijui, na hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba mtu anaweza kuishambulia hoja muda wote aliopewa, akaivua nguo mbele ya watu, kisha akamalizia kwa kuiunga mkono, na wenzake wakampigia meza. Kumbe ndivyo wafanyavyo! Wazee waliokuwa pale hata hawakushangaa sana. Aliyeshtuka ni mimi, niliyekuwa nimeutangazia mtaa.

Tulikimbia kwenda kujiandikisha, mimi mbele, Mama nyuma, na wale niliowazuia wakinitukana njia nzima. Tukakuta mlango wa ofisi ya kuandikisha umefungwa. Mlinzi alikuwa anakula muhindi wa kuchoma, akatuambia wenyewe wameshaondoka. Jioni tukasikia redioni wabunge wakiulizwa: wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo! Niliisikilizia humo sauti ya mbunge wetu, nisiitambue. Wasioafiki walikuwa wachache, na Spika akasema walioafiki wameshinda.

Kesho yake nilimwamkia Mangi kwa aibu. Akaitikia marahaba, akaendelea kupanga sabuni zake, halafu akaniuliza bila kunitazama:

"Wewe binti, ukiuza, mzigo unampa mteja akishataja bei au akishatoa hela?"

"Akishatoa, Mangi."

"Sasa mbona jana umeitoa meza ya mama yako kwa mtu aliyekuwa bado anataja bei?"

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alizaliwa siku ile ile. Haukupita muda mgambo wakaja alfajiri na lori, meza ikapanda na nyingine zote. Waliojiandikisha wakapata sehemu zao. Mama akaanza kuzunguka na beseni kichwani, kuanzia Kariakoo mpaka karibu na bandari, na umri ule. Kila nilipomwona anajikanda shingo nilitamani ardhi inimeze.

Lakini mshtuko mwenyewe ulikuwa bado, mwanangu. Mbunge alikuja kuhutubia Mnazi Mmoja. Nikapenya mpaka mbele, nikanyoosha mkono, na nilipopewa nafasi nikauliza kwa hasira.

"Shikamoo Mheshimiwa. Ulitutetea vizuri. Kwa nini basi ukaunga mkono tuondolewe?"

Akacheka, tena kwa upole, kama baba. "Binti, bunge lina utaratibu wake. Leo nikiikataa hoja ya waziri, kesho barabara yenu nitamwomba nani? Haya, ndugu zangu, niliwasemea au sikuwasemea?"

"Ulitusemeaaa!" uwanja ukaitika, na makofi yakafuata. Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa ameliweka beseni lake chini ili mikono iwe huru. Anapiga makofi.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Mama, na wewe unampigia makofi?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. "Zuhura, yule mtu kataja mbuzi zangu redioni, nchi nzima ikasikia. Tangu nizaliwe, nani mwingine amewahi kunitaja?"

Nimeishi miaka mingi na jibu lile na bado linanichoma. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa na njaa ya kutajwa, na anayejua njaa yako atakushibisha kwa hiyo hiyo akuache bila meza.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mtu akisimama kukusemea, mshukuru, ila usiondoke kabla hajakaa, kwa sababu lililo lako liko pale anapomalizia. Muulize aliitikia ndiyo au siyo, na usione haya kuuliza hata kama uwanja mzima unapiga makofi. Usiende kuwatangazia wenzako jambo ulilolisikia nusu, maana hasara yao itakuja kukutafuta kwa jina. Na wale walio wako, wataje. Mtaje mama yako mbele za watu, msifu mkeo au mumeo, mwite mfanyakazi wako kwa jina lake, wasije wakaununua utajo kwa mtu baki kwa bei aliyolipa mama yangu.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikiliza hadi mwisho, akuepushe na utamu wa nusu ya neno, na akujalie japo mtu mmoja atakayesema siyo kwa ajili yako mahali ambapo hakuna anayekujua.