Nilivyomchora Dada

Kwa miaka mingi nilikula kwa kuchora sura za watu nisiowaona. Mteja alikuja kwenye kibanda changu karibu na soko la Nachingwea, akanionyesha picha kwenye simu, nami nikaigawa miraba na kuihamishia kwenye karatasi ya manila, mraba kwa mraba. Wengi walitaka ngozi ing'ae na makovu yaondoke. Niliyaondoa. Mwishowe nikawa naweza kumaliza uso mzima huku nawaza mboga ya jioni, lakini nikiwekewa karatasi tupu bila picha, mkono haukujua pa kuanzia.

Kisha dada yangu mkubwa akarudishwa nyumbani, kijijini Likunja, kutoka hospitali. Walikuwa wamemkata ziwa la kushoto, ila ugonjwa ulishaingia mapafuni. Nilifunga kibanda nikaenda kumuuguza. Mama alikuwa amezeeka, na kwa kuwa korosho zilishaanza kuanguka, majirani wote walikuwa shambani.

Mchana mmoja, nilipomaliza kumwogesha, alikataa blauzi.

"Nichore," alisema.

"Ngoja nitafute picha yako nzuri kwenye simu."

"Picha ya nini? Mimi si nipo hapa?"

Nilifunga mlango. Alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, khanga kiunoni. Nilichukua kipande cha mkaa jikoni nikachora nyuma ya kalenda ya zamani. Alichoka upesi, akaomba aione.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi sina ziwa hilo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemchora na maziwa mawili, na mashavu nimeyajaza, wala sikukusudia. Machozi yalinilenga lakini hakunipa nafasi.

"Tazama, ndiyo uchore. Usinitengeneze."

Nikatazama. Kovu lilianzia kwapani likashuka hadi katikati ya kifua, limevuta ngozi kama mshono wa fundi mwenye haraka. Mbavu zilihesabika. Bega la kushoto lilikuwa limeinuka kwa kuogopa maumivu. Nilianzia hapo begani, sijui kwa nini. Mkaa ulikwaruza, ukachafua, sikufuta. Alipoinama kukohoa nikachora na kule kuinama. Nilipokuja kushtuka, mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, na nilikuwa nimefurahi. Naona haya kuandika hivyo. Dada yangu alikuwa anakufa mbele yangu, nami nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu utotoni.

Nilimpa karatasi.

"Huyu ndiye mimi," alisema, akaomba maji.

Tulifanya hivyo kila alipopata nguvu. Wiki za mwisho nilimchora amelala. Alifariki asubuhi moja kabla mvua hazijaanza.

Baada ya arobaini mama alizikuta karatasi chini ya godoro. Aliniambia kwa Kimwera, kama afanyavyo akiwa hana mchezo, kwamba mwili wa marehemu haukai wazi ndani ya nyumba. Sikubishana. Tuliwasha moto nyuma ya jiko. Mama aliitazama kila moja kabla ya kuitia. Kwenye moja alikawia.

"Hapa alikuwa anasema nini?"

"Analalamika uji wako hauna chumvi."

Mama aliishika kwa muda kidogo zaidi, kisha akaitia. Haikubaki hata moja. Mpaka leo kuna siku namlaumu, na kuna siku naona alikuwa na haki kuliko mimi.

Niliporudi Nachingwea nilimwomba muuza dagaa sokoni akae nimchore. Alikataa, akadhani nina mambo yangu. Muuza mihogo naye akakataa. Wa tatu alikuwa mama mmoja anayebangua korosho, vidole vyake vimeungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Alisema nichore nikitaka, ila yeye haachi kazi. Nikakaa chini mbele yake.