Mate Katika Jani la Mgomba

Mdachi alipoamuru watu wahame ufukwe wa Rumonge kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, wazima walitakiwa kupanda milimani. Wagonjwa walikusanywa kambini, kwenye sindano za daktari, na kila mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumpikia. Vichaka vya kando ya ziwa vilifyekwa ili mbung'o wanaouleta wakose kivuli. Mimi nilikuwa mzima, mjane, sina mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, na mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa huohuo.

Kaka yangu aliteremka kunichukua. Kule juu alikuwa amenipatia mwanamume, mtu wa ng'ombe, mwenye heshima zake. Nilimtaka mwanamume huyo hata kabla sijamwona, maana nilitaka watoto. Lakini nilimwomba kaka anisubiri hadi siku ya askari kuja kuchoma nyumba, kwa kuwa jambo hilo nilikuwa bado namuuliza Mungu.

Nilikuwa sijabatizwa. Mwalimu wa dini, mtu wa ng'ambo ya ziwa, alitufundisha chini ya paa la nyasi: piga magoti, sema haja yako, kisha nyamaza usikie. Kupiga magoti na kusema niliweza. Kusikia kulinishinda. Nilinyamaza mpaka miguu ikafa ganzi, nikasikia mashoka ya watu wanaofyeka, na kuku. Nikaanza kumkasirikia Mungu. Kazi aliyoniumbia aliijua yeye. Kuninong'oneza kungempunguzia nini?

Mama mkwe alikuwa akinitazama. Yeye hakuwa mtu wa sala. Kwao, anayetaka kujua jambo humwendea mpiga ramli, na asiyeweza kutembea hutuma mate yake, ili ijulikane ni nani anayeuliza. Siku nyingi alisinzia hata chakula kikiwa mdomoni, lakini asubuhi hiyo alikuwa macho. Akachana kipande cha jani la mgomba, akakitemea mate, akakikunja vizuri kama anayefunga chumvi.

"Mukazana, wewe unauliza bila mate," akasema. "Imana itajuaje iko nani anauliza? Peleka haya yangu kwa mwalimu wako."

Kwa Kirundi chake Imana ndiye Mungu, mukazana ni mke wa mwana, na mama mkwe ni mabukwe.

"Mabukwe, sisi wa sala hatufanyi hivyo," nikamjibu.

"Peleka tu."

"Sasa unauliza nini?"

"Mwenye kujibu anajua."

Nikapeleka. Mgonjwa unamkataliaje? Njia nzima nilikishika kile kipande cha jani mbali na nguo yangu, nikijiandaa kukaripiwa. Mwalimu alikitazama, akauliza mate ni ya nani, nikamwambia. Hakukaripia. Alikifukia nyuma ya kibanda cha sala, akanawa mikono, akapiga magoti, nami nikapiga. Alimwombea bibi kizee kwa maneno machache, kisha akanyamaza. Nikanyamaza pia, na nikasikia kuku walewale.

Alipoinuka nikamuuliza, "Amesema nini?"

"Mimi hawakunituma," akasema. "Aliyetumwa iko wewe."

Nilirudi nimeudhika. Aliyebeba mate hapaswi kurudi bila jibu. Akirudi kimya, mgonjwa huelewa kwamba jibu ni kifo na mjumbe anamficha. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Nilipanga kusema kwamba Mungu atajibu baadaye, nikaona ni uongo wa kitoto. Nilipofika, kaka alikuwa mlangoni, na mzigo wangu amekwisha kuufunga kwa kamba.

Mama mkwe alikuwa amekaa ameegemea nguzo. Kiganja chake kilikuwa kinatoka damu, kwa kuwa alikuwa akijichimba kwa kucha ili usingizi usimchukue kabla sijarudi.

"Imesema nini?"

Nilikitazama kile kiganja. Mdomo ukafunguka, nami nikasikia sauti yangu kama mtu mwingine anavyoisikia.

"Amesema nikae na wewe."

Akafumba macho. "Ndilo niliuliza," akasema, na usingizi ukamchukua palepale, mkono wake ukiwa umeshika nguo yangu.

Baadaye watu wenye elimu ya dini wamenieleza kwamba nilimsemea Mungu neno ambalo hakulisema. Huenda. Nimewasikiliza kwa adabu, nikawapa chakula, wakaenda zao. Tangu siku ile nimeomba mara nyingi nikiwa na swali, na jibu wazi kama lile sijalipata tena.

Kaka hakubishana nami. Alifungua mzigo wangu, akaviringisha kamba, maana ilikuwa yake, akashika njia ya mlimani. Nilipoacha kumwona nililia, nikiwalilia wale watoto ambao nisingewazaa. Kisha nikautoa ule mkono kwenye nguo yangu polepole, nikaosha damu, nikaanza kufunga mzigo wa kwenda kambini.