Feleti Alipomwambia Dada Yake

Feleti Vaipuna alikuwa mpakiaji mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Auckland, na nyumba yake ilipakana na yangu hapa Mangere. Alikuwa pande la mtu, mpole, mwenye sauti nzito iliyowabeba wanaume wote wa kwaya yetu. Mkewe Lesieli alifanya kazi kwenye duka la mikate. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka saba, na nyumba waliyoinunua kwa mkopo wa benki baada ya kuishi miaka sita kwenye gereji ya wazazi wa Lesieli.

Mwaka ule tulifiwa na mwenzetu wa kwaya, kijana, aliyekufa bila kuandika chochote. Mjane wake alizunguka maofisini zaidi ya mwaka, huku ndugu wa mume wakimjia kila mmoja na lake: huyu anataka gari, yule anataka mtoto wa kwanza akalelewe Tonga. Lesieli alikuwa akimpelekea mikate. Siku moja aliniambia tukiwa uzioni, "Jirani, nikimtazama yule mama najiona mwenyewe."

Kila Jumatano wanasheria huja kwenye ukumbi wetu wa jamii kusaidia watu bure. Lesieli akaenda, akarudi na fomu ya wosia. Nilikuwa jikoni kwao Feleti alipoiona mezani. Alishtuka kama kaona nyoka.

"Mke wangu, unanichulia?"

"Nakuchulia nini? Mbona bima ya gari unakata kila mwaka na hujawahi kugonga hata kuku?"

"Gari ni gari. Hiki ni kifo!"

"Haya, usife basi. Niahidi hufi, naichana sasa hivi."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Feleti naye akacheka, akavuta kiti akaketi.

Nyumba na akiba ya kazini havikuwasumbua. Kazi ilikuwa kwenye mstari mmoja: wazazi wote wawili wakiondoka, watoto alee nani? Lesieli alimtaka mdogo wake, Pisila, mwalimu wa chekechea, ambaye watoto walilala kwake kila Ijumaa. Feleti moyoni alikubali. Lakini kwetu Watonga shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake, na neno lake halivukwi. Na shangazi mwenyewe alikuwa Kalolaine, dada mkubwa wa Feleti, mwanamke ambaye hata mchungaji hufupisha mahubiri akimwona anatazama saa.

"Tumwandike Pisila tunyamaze," Lesieli alisema. "Wifi atajua tukiwa tumeshakufa. Atatufanya nini?"

"Hapana. Dada yangu asisikie kwa mwanasheria. Asikie kwangu."

Jumamosi wakaenda kwa Kalolaine na mkeka mpya na sufuria ya nyama iliyopikwa kwa majani ya magimbi na tui la nazi. Feleti akaketi sakafuni, dada yake kitini. Lesieli alinisimulia yote baadaye.

"Dada, nimekuja kuomba radhi kabla sijakosa."

"Sema."

Akasema. Kalolaine akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi sifai?"

"Unafaa, dada. Ila goti lako unalijua, na mtoto wetu wa mwisho bado anavaa nepi. Pisila atawafulia, atawalisha. Wewe uwe juu ya Pisila. Akikosea, mkanye. Na jambo jingine: nikifa nizikwe hapahapa Mangere, wanangu waje kwangu kwa miguu."

Kalolaine akafunua sufuria, akanusa, akaifunika. Kisha akasema, "Sufuria iacheni. Nyinyi nendeni."

Wiki tano alihama benchi lake kanisani ili asikae nao. Feleti aliumia, lakini hakubadili kitu. Mimi na mume wangu tulikuwa mashahidi, kwa kuwa hatukuwa na fungu lolote katika wosia wa mume wala wa mke, na nilimwona Feleti akiandika jina lake polepole, ulimi nje, kama mwanafunzi.

Wiki ya sita Kalolaine akaingia kwao bila hodi, akamkuta Pisila.

"Wewe utakayewalea watoto wetu, unajua kusuka mkeka?"

"Sijui, shangazi."

"Nilijua tu. Njoo kwangu Jumanne."

Akaenda Jumanne ile, na Jumanne zilizofuata.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Feleti alianguka kazini asubuhi. Moyo. Gari la wagonjwa lilifika ameshakata roho. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Ndugu wakaja kutoka Tonga na Australia. Siku ya pili ya msiba baba yake mdogo, mzee Semisi, akasimama. Mwili urudi kijijini, alisema, na nyumba ishikwe na ukoo mpaka watoto wakue. Lesieli alikuwa pembeni, amevaa nyeusi na, kwa desturi yetu, amejifunga mkeka mkubwa wa msiba uliomfunika mpaka kifuani. Wosia ulikuwepo, lakini mjane angemjibuje mzee wa ukoo mbele za watu? 

Kalolaine alikuwa amekaa penye kichwa cha marehemu, mahali ambapo kwetu ni haki ya dada mkubwa, na msibani neno lake humpita hata mzee.

"Baba mdogo, keti," akasema.

Mzee akaketi.

"Feleti alikuja kwangu akiwa mzima, akakaa sakafuni, akaniambia kwa kinywa chake. Nilikasirika. Nyama yake nikaila huku nimekasirika. Atazikwa hapa. Nyumba ni ya mke na wanawe. Mwenye neno aje aniambie mimi."

Hakuna aliyekwenda.

Makaratasi yalipita baada ya wiki chache, na bima yake ya maisha ikamaliza mkopo wa nyumba. Watoto waliendelea kulala kwenye vitanda vyao na kusoma shule yao. "Jirani," Lesieli aliniambia, "mimi nilipata nafasi ya kulia. Yule mwenzetu hakuipata." Kabla mwezi haujaisha akarudi ukumbini Jumatano, akaandika wosia wake upya, maana sasa watoto walibaki na mzazi mmoja.

Mwezi uliopita kitinda mimba alianza shule. Walimpeleka watatu: mama, Pisila na shangazi na goti lake. Getini wakaanza kugombania nani ambebee mkoba, Kalolaine akidai ni haki yake, Pisila akisema mwalimu ni yeye. Mtoto akawapokonya mkoba, akaingia ndani peke yake bila kugeuka. Nilikuwa navuka barabara kwenda kazini. Nikamwona Lesieli ameshika nguzo ya geti, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Asante, Feleti," alikuwa akisema. "Asante, baba watoto."