Nailoni ya Dominika

Sylvanus, mpagazi wa Kibosho, aliuza beberu wake akanunua begi la kizungu ambalo mchuuzi wa Moshi aliapa kwamba halipitishi maji. Mkewe, Dominika, alilibonyeza akacheka: "Baba Evelyn, beberu wetu alistahimili mvua kuliko hili."

Sasa, njiani kupanda Kilimanjaro, mvua ya msituni ilikuwa ikipenya kwenye mishono. Ndani mlikuwa na matandiko ya mtalii, ambayo Sylvanus alikabidhiwa jana yake yakalala nyumbani kwake. Yakilowa, kiongozi wa msafara angemrudisha, na asingeitwa tena.

Kambini alilifungua. Begi lilikuwa chepechepe, lakini matandiko yalikuwa makavu: Dominika alikuwa ameyazungushia nailoni yake ya kufunikia kahawa inapoanikwa.

"Vipi, vitu vimelowa?" kiongozi aliuliza.

"Vikavu, kaka."

Sylvanus alianza kuikunja nailoni, kisha akageuka kutazama chini. Mawingu yalikuwa yakiteremkia Kibosho, na kahawa ilikuwa imeanikwa uani kwao.