Siku Niliyorudisha Tableti ya Fiston

Kuna duka moja la redio na simu hapa Kamembe ambalo sipiti mbele yake. Navuka barabara, hata mvua ikinyesha, hata nikiwa na furushi la vitenge kichwani, kwa sababu mle ndani kuna watu waliniona nikijiaibisha mchana kweupe, na aibu yenyewe si ile ya kuteleza kwenye matope ambayo kesho yake mnaicheka pamoja. Ninyi mlisikia nusu tu, kwamba Maman Fiston alikwenda kugombana dukani. Ingekuwa ni ugomvi tu ningewasimulia zamani.

Fiston ni mwanangu wa pekee, ana miaka minne, na wakati huo alikuwa hasemi. Yaani alishawahi kusema: kabla hajafikisha miaka miwili alikuwa na mama, na papa, na samaki (tumbo lake mnalijua), halafu homa kali ikamshika, akalazwa, akapona, maneno hayakurudi. Hatukuunganisha homa na maneno. Miezi hiyohiyo tulikuwa tumehama Bukavu kurudi huku, na kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lilelile, kwamba lugha zimemzidi mtoto: nyumbani Kiswahili, kwa majirani Kinyarwanda, mama yangu akivuka mpaka kutoka Kongo kuja kututembelea ni Mashi, lugha ya kwao, asubuhi mpaka jioni, na televisheni Kifaransa. Niliamini, maana huku kwetu nani hajaona mtoto wa namna hiyo? Binamu yangu alinyamaza mpaka alipoanza shule, na leo ni wakili, kumnyamazisha huwezi.

Ila mwalimu wa maternelle, ile shule ya watoto wadogo, akasema Fiston haitikii, anakaa tu anatazama wenzake, tubaki naye nyumbani mpaka afunguke. Mama mkwe wangu wa Nkanka aliposikia hivyo akatoa hukumu: mtoto aende akae kwake, shambani, penye lugha moja. Mume wangu akaangalia chini. Nikaona wazi kwamba nisipofanya kitu watanichukulia mtoto, na watanichukulia kwa maneno matamu, ndivyo anavyofanya mama mkwe wangu.

Kitu nilichofanya ni kwenda kununua tableti. Nilijiambia, Kifaransa peke yake, kila siku, mpaka kiingie.

Mwenye duka, Papa Divin, akaweka mbili juu ya meza, moja kubwa nyeusi na moja ndogo ya bluu iliyovishwa mpira.

"Maman, acha mutoto ajaribu kwanza," akasema. "Batoto benyewe njo banachagulaka muzuri."

"Papa, miye nauzishaka bitenge," nikamjibu. "Kintu muzuri naionaka na macho. Niko na haraka."

Nikachagua ya bluu, kwa kuwa ikianguka haivunjiki. Fiston hata hakuitazama. Alikuwa amekumbatia lile bafle kubwa la mlangoni, lile linalopiga muziki wa kuita wateja, kalibandikia tumbo lake, anacheka peke yake. Nikamvuta mkono tukaondoka. Dukani tulikuwa watatu tu siku hiyo, mimi, mtoto na Papa Divin. Ningekubali ajaribu, yote yangeishia kwetu sisi watatu.

Masomo yenyewe yalikuwa hivi: sauti ya mwanamke inauliza "Où est le chat?", yaani paka yuko wapi, na mtoto anatakiwa kugusa picha ya paka. Akikosea, sauti inamwambia, "Non. Essaie encore", jaribu tena. Fiston aligusa ng'ombe. Ukimuuliza paka, ng'ombe. Ukimuuliza nyumba, ng'ombe. Akichoka, anaigeuza tableti, anailaza kifudifudi kifuani kwake, anafumba macho na kutabasamu. Namgeuzia, anaigeuza tena. Nami, mchaguzi wa vitu kwa macho, nikakata shauri kwamba kimashine kina sauti ndogo, ndiyo maana mtoto anakikumbatia, anaitafuta hiyo sauti.

Wakati huo mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia. Nilikuwa nimempigia mama mkwe simu kujisifu kwamba mjukuu wake anasoma Kifaransa kwenye mashine. Basi Jumapili akaja, na sambaza zake, vile visamaki vya ziwani, na ndizi zake, na wamama wawili wa kanisani kwake ili nao waone. Nikamsimamisha Fiston mbele ya wageni na shati lake la Krismasi.

"Où est le chat?"

Ng'ombe.

"Non. Essaie encore."

Ng'ombe. Mashine ikamwambia tena, na tena, mbele ya wageni wenye vikombe vya chai mkononi. Mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hata mashini inamukatala," akasema. Halafu akamvuta Fiston mapajani pake, akaniambia taratibu, bila kucheka: "Utamufungia biatu byake. Juma ijayo nakuya kumubeba."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, tableti mkononi, na hasira yote niliyoshindwa kumtolea mama mkwe nikaipeleka dukani kwa Papa Divin. Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa. Nilianza kupiga kelele kabla sijavuka kizingiti (na sauti yangu ya sokoni mnaijua).

"Papa Divin! Uliniuzishia kintu yenye ilishakufa! Mutoto wangu anaiweka mpaka ku kifua juu ya kutafuta sauti! Banataka kuninyanganya mutoto juu ya bintu byako bya bongo, bya kudanganya!"

Watu wakageuka. Nikapata nguvu zaidi, nikamwita mwizi, nikamwita hata jina ambalo sitalirudia hapa maana kuna wakubwa. Nikamshusha Fiston chini, akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake bafle.

Papa Divin alizima muziki, akachukua tableti, akafungua sauti mpaka mwisho na kuiinua juu ili duka zima lisikie.

"Où est le chat?"

Sauti ilitoka safi, mpaka barabarani, na motari mmoja aliyekuwa juu ya pikipiki yake anangoja abiria akaitikia, "Iko hapa!" Duka zima likaangua kicheko. Walicheka wakishika mbavu, mimi nimesimama katikati, na ile tableti, kwa kuwa hakuna aliyeigusa, ikasema kwa sauti yake yote, "Non. Essaie encore." Wakacheka upya.

Nikamtafuta Fiston kwa macho ili nimbebe tukimbie. Alikuwa ametupa mgongo, analipigapiga bafle kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Watu wote wa duka walikuwa wamegeukia ile tableti, isipokuwa yeye.

Mama mmoja aliyekuwa ananunua tochi aliacha kucheka. "Maman," akaniambia, "umuite mutoto wako."

"Fiston," nikaita.

Kicheko kikapungua.

"Fiston! Fiston, geuka! Unipe mukono twende!"

Yule motari akaingia na kofia yake mkononi, akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi karibu kabisa na masikio yake, pa! Mimi niliruka. Fiston aliendelea kulipigapiga bafle. "Essaie encore," ikasema tableti, na Papa Divin akaizima haraka. Kisha hapakuwa na sauti yoyote mle dukani isipokuwa mimi, ninaita jina la mtoto wangu kama mwendawazimu, watu wote wanatazama chini.

Nilijua pale pale. Niliona homa, niliona maneno matatu yaliyopotea, niliona mara zote nilizomchapa kwa kuwa namwita hakuji. Na nitawaambia ukweli, Mungu anisamehe: kilichonishika kwanza haikuwa huruma, ilikuwa aibu ya kuonwa na watu. Huruma ilikuja nyuma yake.

"Amechoka tu," nikasema. "Hakulala."

Papa Divin akauliza kwa upole, "Maman, nikurudishie feza yako?"

"Hapana, Papa. Hii iko muzima."

Fiston aligeuka alipoona kivuli changu juu ya bafle. Akaniona, akacheka, akanipa mkono.

Hospitalini walithibitisha, masikio yote mawili hayasikii. Mama mkwe nilimwambia kwa simu. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Sasa tutamuongeleshaka luga gani?" Hakuja kumchukua tena, na mimi sikufurahi kushinda namna hiyo.

Jioni moja nilikuwa nimekaa mkekani, nimechoka. Fiston akaja na tableti yake, akaigeuza, akailaza juu ya kifua changu, akanikazia macho usoni. Nikatulia. Chini ya ule mpira kulikuwa na mtetemo mdogo, kama kifaranga ukikishika mkononi. Alikuwa anangoja aone kama nasikia. Nikakubali kwa kichwa, nikilia, naye akapiga makofi.

Basi somo langu ni hilo, kitu cha Fiston atakigusa Fiston kwanza, nami nimefunga mdomo. Lakini bado kuna hili jambo la lile duka. Kila tukikaribia pale ananivuta mkono, anataka bafle lake, na mimi namburuta tunavuka barabara, yeye analia, kwa sababu mama yake anaona haya. Nimemchapa kwa kutosikia, sasa namnyima hata hicho kidogo anachosikia. Jumamosi nitampeleka, naapa mbele yenu. Nitasimama pale mlangoni mpaka achoke mwenyewe, na wanaonikumbuka wanitazame.